Maganda Mia Moja na Matatu

Elbow Creek, Montana
4 Machi 2018

Mwanangu Signe,

Usishtuke kuona barua imepigwa taipu. Vidole vinakakamaa kwa baridi, na mwandiko wangu tangu zamani ni wa kuku, basi nimeiteremsha taipu ya mama yako kutoka juu ya kabati. Miaka ishirini na miwili nilipiga orodha za treni za mizigo bila kutazama vidole, na naona havijasahau. Najua ungependa nipige simu. Sisi wawili tukishika simu tunagombana kabla ya dakika ya tatu. Kwenye karatasi angalau mtu humwacha mwenzake amalize.

Nina shida ya kikazi. Risasi za bunduki ya mama yako haziuzwi tena dukani, unajua. Tangu babu yako amwachie bunduki ile tumeishi kwa kujaza upya maganda yaleyale: unafyatua, unaokota ganda, unalisafisha, unalitia kiwashio, baruti na kichwa kipya. Lakini shaba huchoka. Kila ikifyatuliwa, shingo ya ganda huzidi kuwa ngumu, na mwisho hupasuka. Juzi nimekuta sita yamepasuka. Yamebaki mia moja na kumi na mawili, na yote yanahitaji kupitishwa motoni shingo zilainike, la sivyo tutayapoteza moja moja.

Nataka mashine ya kuyalainisha. Cheka kwanza, ukimaliza uendelee kusoma.

Najua nilivyokuwa nikisema, kwamba mashine hizo ni za wavivu na mwenye macho yake hazihitaji. Basi nimebadili maneno. Wewe ndiye fundi mitambo wa nyumba hii, nichagulie. Isiwe ya bei ya kufilisi mstaafu wa reli. Iwe ya kujiendesha yenyewe, isiyotaka mtu aikodolee macho muda wote.

Theluji bado imefika dirishani. Jirani yetu Verna ananiletea chakula mara mbili kwa wiki, nitake nisitake.

Baba yako,
Arvid

*

Duluth, Minnesota
15 Machi 2018

Baba,

Nimecheka, kisha nimekaa, kisha nimecheka tena. Arvid Lokken anataka mashine. Wenzangu wa karakana ya pampu wameniuliza nimepata habari gani, nikawaambia baba yangu ameokoka.

Bado nakuona ukivuta pazia la gereji ili kuwe na giza, ganda linazunguka kwenye drili juu ya moto wa gesi, nami nimekatazwa hata kupumua. "Tazama rangi," ulikuwa ukisema. "Subiri mpaka shingo iwe kama inataka kuona haya, basi, itoe." Sekunde moja zaidi na ganda limeharibika. Nilikuwa na miaka kumi na moja nikadhani hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote duniani.

Haya, mashine. Nimeuliza na kusoma. Ya kwanza inapasha kwa umeme bila moto kabisa, nzuri mno, ila bei yake utanunua ng'ombe. Ya pili ina vichomeo viwili vya gesi na saa ya umeme, dola mia tatu na kitu. Ya tatu inatengenezwa na mzee mmoja wa Idaho bandani kwake, dola mia moja thelathini: gurudumu lenye vijishimo, mota ya taratibu, na mahali pa kufunga kichomeo chako mwenyewe. Ganda linaingia kwenye kijishimo, linapita motoni, linadondoka kwenye sinia. Haina saa wala kipimo chochote. Kwa mkono wako wa birika najua utachukua hiyo, na mimi naipenda kwa sababu inarekebishika.

Kitu kimoja tu nakuomba. Moto uguse shingo na bega, usiteremke hadi kitakoni. Kitako kikilainika, ganda litampasukia mpigaji usoni. Wewe ndiye uliyenifundisha, lakini nakukumbusha.

Na huyo Bi Verna, bado anapika ile supu yake ya maji yaliyooshewa viazi? Mwambie asante, kisha mpe mbwa.

Binti yako,
Signe

*

Elbow Creek
2 Aprili

Signe,

Ulipatia, nimeagiza ya Idaho. Imefika Alhamisi katika boksi la viatu vya kazi.

Verna hajaleta supu wiki mbili sasa. Sijui nini kimemuudhi.

Mashine inazunguka lakini haijatufaa bado. Vijishimo ni vipana, vya maganda manene wanayotumia vijana siku hizi, na ganda la mama yako jembamba linayumba ndani kama mlevi. Halafu gurudumu linakwenda mbio, halina pa kulipunguzia mwendo. Na ganda likidondoka kwenye sinia la plastiki halitoi sauti, sijui kama limetoka au limekwama motoni.

Je, unaweza kutengeneza gurudumu jingine? Na kitufe cha mwendo, kiwe kikubwa, chenye alama ya kuchonga ambayo kidole kinaisikia. Gereji ina giza, unajua. Na sinia liwe la bati.

Arvid

*

Duluth
20 Aprili

Baba,

Kifurushi kinakuja nyuma ya barua hii. Gurudumu nimelichonga mwenyewe kwa alumini baada ya saa za kazi, vijishimo nimevipima kwa ganda lile moja la mama nililonalo kwenye kopo la kalamu. Halitayumba. Kirekebisha mwendo kinaunganishwa kati ya mota na umeme, nyekundu kwa nyekundu. Kitufe ni kikubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa na kina meno kumi na mawili ulivyotaka, kila jino utalisikia. Sinia ni la bati, na kwa hiari yangu nimelifungia kikengele. Likidondoka ganda, kinalia. Utajiona kama uko kanisani.

Ndani kuna pia kichupa cha rangi ya joto. Paka mstari ndani ya shingo na mwingine chini ya bega. Wa juu ukiyeyuka na wa chini ukabaki mkavu, umepatia. Jaribu kwa yale sita yaliyopasuka kabla hujagusa mazima. Usinipige chenga, Baba, yajaribu kweli.

Mwambie Bi Verna nilikuwa natania.

Signe

*

Elbow Creek
11 Juni

Mwanangu,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa sina la kujivunia.

Niliharibu tisa. Yale yaliyopasuka niliyajaribu, nikaona mambo sawa, nikaanza mazima. Lilipotoka la tisa nikamwonyesha mtu, akaniambia mstari wa chini umeyeyuka kwenye yote, joto limeteremka hadi mwilini. Sikulala vizuri juma zima. Niliyaponda kwa nyundo juu ya fuawe, moja baada ya jingine, asije mtu akayatia baruti baada yangu. Miaka arobaini sijawahi kuponda tisa kwa siku moja. Nalilaumu jua, lilikuwa linapenya pembeni mwa pazia.

Baada ya hapo nikafikiri. Nikakichukua kile kipima mapigo cha mama yako, alichokuwa akiwafundishia watoto piano. Nimekiweka juu ya meza ya kazi kikigonga pigo moja kwa sekunde. Ganda linaingia motoni, nahesabu mapigo, kengele yako inalia. Kwa jino la tatu lilikuwa pigo la saba, mno. Nikahamia jino la pili, mota kasi zaidi, na moto nikausogeza mbali kidogo, na sasa ni pigo la tano kila mara. Mtu yuleyule akanitazamia mistari, akasema wa juu umeyeyuka na wa chini mkavu. Mara kumi mfululizo.

Yamebaki mia moja na matatu. Sipotezi tena hata moja.

Baba yako

*

Duluth
24 Juni

Baba,

Wewe kuunguza tisa? Wewe uliyekuwa ukitaja rangi ya shaba kama mtu mwingine anavyotaja majina ya watoto wake?

Niambie ukweli, macho yako yakoje? Na huyo "mtu" ni nani?

Nilitaka kusema nitakuja Agosti nione mwenyewe. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara tatu. Si kazi inayonizuia, nawe unajua. Vuli ile mama alituambia twende mlimani kuwinda, atakuwa sawa, ana mafua tu. Tukaenda. Siku nzima nilibeba bunduki yake na sikufyatua hata moja, na tuliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti chake jikoni na kahawa imepoa, na mkono wake pia. Niliweka risasi zile alizonijazia juu ya meza mbele yake nikatoka nje. Miaka minne sasa, na kila nikifikiria ule mlima nasikia harufu ya kahawa ile. Nina hasira nao. Nina hasira nawe kidogo pia, kwa sababu uliweza kurudi kupanda mwaka uliofuata.

Mwaka huu utapanda?

Signe

*

Elbow Creek
30 Agosti

Signe,

Macho yangu yana umri wangu, sabini na sita. Usiyasumbukie.

Uliyoyaandika kuhusu mama yako nimeyasikia yote. Nilikaa nayo miezi miwili. Nilipanda kwa sababu nyumbani palikuwa kimya kuliko mlimani. Hilo tu.

Mashine inaimba. Nimekwishapitisha themanini na nane. Kila asubuhi baada ya kahawa napitisha machache, kipima mapigo kinagonga, kengele inalia, na hakuna mwingine anayezungumza.

Umeuliza habari za vuli. Bunduki ya mama yako itapanda mlima mwaka huu. Hilo nimeliamua.

Baba yako

*

Duluth
16 Oktoba

Baba,

Barua yako ya tarehe tisa imefika tupu.

Nilidhani umekosea ukatia karatasi nyeupe kwenye bahasha. Kisha nikaipitishia kidole nikasikia alama. Utepe wa wino wa taipu ulikwisha, nawe ukaandika ukurasa mzima, mistari ishirini na sita, ukaukunja, ukaupeleka posta. Niliulaza mezani nikausugua kwa penseli taratibu mpaka maneno yakatokea. Unasema maganda yote mia moja na matatu yamekamilika. Unasema msimu unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo na bunduki umeipaka mafuta.

Mtu anayeona hawezi kuandika ukurasa mzima bila wino asijue.

Sasa naelewa kila kitu. Taipu, kitufe chenye meno, sinia la bati. Na mimi mjinga nikakuchongea gurudumu na kukufungia kengele, nikikusaidia kujificha. Umeniacha nitengeneze kifaa cha kunidanganyia.

Unataka kubeba bunduki mlimani na huoni. Kule kuna watu, Baba. Kuna kaka yake Bi Verna, kuna akina Tveit wa bondeni na watoto wao. Utamuua mtu, na utakayemuua atakuwa mtu anayekuita kwa jina. Ukipanda mlima huo na bunduki, usiniandikie tena.

Na yeyote anayekusomea barua hii, namwomba achukue ufunguo wa kabati la bunduki leo hii.

Signe

*

Elbow Creek
21 Oktoba

Mpendwa Signe,

Mimi ni Verna Haugen, jirani. Anayemsomea baba yako barua ni mimi. Nimemsomea zote tangu mwezi wa tatu, kwa sauti, neno kwa neno, ikiwemo ile ya supu. Nilipofika kwenye maji ya kuoshea viazi niliiweka barua chini, na baba yako akasema, "Endelea, Verna, ni binti yangu, hana adabu." Siku hizi naongeza kitunguu.

Aliniapisha nisikuambie. Jana nilipomaliza kusoma barua yako nikamwambia kiapo kimekwisha, na hakupinga.

Ni katikati ya macho. Anaona pembeni: mlango, mti, mtu akipita. Anachokitazama moja kwa moja ndicho asichokiona. Daktari wa mjini amesema uoni huo haurudi. Aliijua hali hiyo Novemba iliyopita, na nitakuambia alivyoijua kwa sababu yeye hatakuambia. Alikuwa mlimani na kaka yangu Lyle, wametengana mita mia mbili hivi. Akamwona kulungu ameinama kwenye vichaka. Akaelekeza bunduki, akalainisha pumzi, kidole kikaanza kuvuta. Ndipo kulungu akakohoa. Alikuwa Lyle, anafunga kamba za kiatu.

Baba yako alitoa risasi zote, akateremka mlima peke yake, akaja mlangoni kwangu na theluji mabegani. Akanikabidhi ufunguo wa kabati. Ninao tangu siku ile, umening'inia kwenye msumari nyuma ya kalenda yangu. Bunduki ya mama yako aliipaka mafuta mbele yangu, nikaifungia tena. Lyle hajui mpaka leo, na naomba asijue.

Kwa hiyo ufunguo uliotaka nichukue, ninao. Uliyoyasema ni haki yako kuyasema, usiyajutie mno. Lakini nilikuwa nimekaa hapo nikiyasoma, na niliuona uso wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda gereji. Baadaye nikasikia kengele ile inalia. Hakuna ganda lililobaki la kupitisha. Alikuwa anaigonga kwa kidole tu.

Nilimuuliza kama hapandi mlima, yale maganda ni ya nini basi. Akasema atakuandikia mwenyewe. Utepe mpya nimemwekea mimi, na wino nimeuhakiki.

Wako,
Verna Haugen

*

Elbow Creek
22 Oktoba

Mwanangu,

Verna ameniambia amekuambia. Vizuri.

Nilisema bunduki itapanda mlima. Sikusema nitaibeba mimi. Nilitumaini ungekuja kwa hiari yako, nikaona haya kukuomba, nikazunguka mbuyu mwaka mzima badala ya kusema. Kosa ni langu.

Hukufyatua siku ile. Mama yako alikujazia risasi tano wiki hiyo, kwa mkono wake, akipima baruti kwa ile mizani ndogo na kukohoa. Uliziacha mezani. Ninazo. Hazijaguswa. Nilipojua macho yanakwenda, nilijiuliza nikuachie nini. Nyumba hutaitaka. Bunduki utakuwa nayo, lakini bunduki isiyo na maganda ni fimbo ya kutembelea. Nikasema nitayaweka sawa kabla giza halijafika kabisa.

Baruti sikutia hata punje. Kupima baruti kunataka macho, na siwezi kukupa risasi niliyoipima kwa kubahatisha. Lakini kulainisha shaba niliona nitaweza kwa masikio, kama ningepata mashine ya kunisaidia. Ndiyo maana nilikuandikia Machi. Hukunisaidia kujificha. Ulinisaidia kufanya kazi yangu ya mwisho vizuri, na ningeweza kuifanya na mtu yeyote ila nilitaka niifanye nawe.

Yako mia moja na matatu. Ukiyatunza, ukayapitisha motoni kila baada ya kufyatua mara chache, yatakutosha mpaka uwe na umri wangu. Jino la pili, mapigo matano. Nimekichongea kitufe alama hapo.

Hata usipopanda, ni yako.

Nakupenda. Sikuwahi kukuandikia hivyo, na sasa siwezi hata kuona yamekaaje kwenye karatasi.

Baba yako,
Arvid

*

Duluth
27 Oktoba

Baba,

Nimeomba ruhusa kazini wiki mbili. Treni itanifikisha Jumatano mchana, kutoka hapo Lyle amekubali kuja kunichukua. Sitamwambia chochote kuhusu kiatu chake.

Bi Verna, najua ni wewe unayesoma hapa, kwa hiyo simama kidogo. Nisamehe kwa supu. Nisamehe na kwa ile barua ya mwisho, kwamba ilibidi itoke mdomoni mwako. Njoo na ule ufunguo Jumatano. Sasa endelea.

Baba, nilikuwa na hasira na mlima kwa sababu ulikuwa rahisi kuukasirikia kuliko mimi mwenyewe. Nitapanda. Lakini sipandi peke yangu. Utakuja nami, utanishika bega kwenye njia ya mawe, na pembeni ya macho yako patatosha kuona miti. Tukifika kwenye ule mwamba mama alipokuwa akipenda kukaa, utakaa wewe. Nitakuwa na risasi zake tano. Huenda kulungu asitokee, na mwaka huu sitajali.

Akitokea, utasikia mlio. Kisha nitavuta komeo la bunduki, na ganda litaruka lidondoke mahali kwenye mawe. Wewe una masikio kuliko mtu yeyote bondeni. Usiinuke kulitafuta. Nionyeshe kwa kidole tu limeangukia wapi, nami nitapiga magoti hapo hadi nilipate, nikuwekee mkononi likiwa bado la moto.

Kisha tutarudi nalo nyumbani. Litakuwa la mia moja na nne.

Binti yako,
Signe